Barua kwa Mhariri: Miundo ya DNA ilindwe kwanza, sifa zifuate

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu jambo ambalo habari za sayansi, zikiwemo zinazochapishwa katika gazeti lako, hulipita haraka mno. Kila baada ya muda msomaji huletewa habari ya "roboti" iliyotengenezwa kwa DNA, ndogo kuliko seli, ambayo inatarajiwa kubeba dawa hadi kwenye uvimbe wa saratani na kuziacha sehemu nyingine za mwili bila kuziathiri. Habari hizo si za uongo. Kasoro yake ni kwamba huanzia maabara na kuishia kwa mgonjwa, bila kueleza yanayoupata muundo huo katikati, yaani tangu unapotoka kwenye myeyusho ulioandaliwa kwa uangalifu hadi unapochanganyika na damu. Nikiwa mtu ninayefanya kazi katika maabara ya bayokemia, naona kwamba hapo katikati ndipo penye kazi kubwa, na ndipo mafanikio mengi yanayotangazwa huweza kukwama.

Wazo la kuitumia DNA kama malighafi ya ujenzi, mbali na kazi yake ya kuhifadhi taarifa za urithi, lilitolewa na Nadrian Seeman mwaka 1982. Mwaka 2006 Paul Rothemund alieleza katika jarida la Nature njia ambayo leo hujulikana kama origami ya DNA, jina lililotokana na sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi. Uzi mmoja mrefu, unaotokana na virusi vya M13 vinavyoshambulia bakteria na wenye nyukleotidi (vijenzi vidogo vya DNA) zipatazo 7,000, hukunjwa kwa msaada wa nyuzi fupi zaidi ya 200, ambazo kila mmoja umepangiwa mfuatano unaouwezesha kuushika uzi mrefu katika sehemu zaidi ya moja na kuzivuta sehemu hizo pamoja. Mchanganyiko hupashwa moto, ukapozwa taratibu, na nyuzi zikajipanga zenyewe bila mkono wa mtu kuzigusa. Rothemund alipata nyota, pembetatu na nyuso zenye tabasamu, kila uso ukiwa na upana wa takriban nanomita 100, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Miaka mitatu baadaye mbinu hiyo ilipanuliwa na kutoa maumbo yenye pande tatu, ambayo yana kina na si bapa tu.

Faida ya miundo hii kwa tiba inatokana na mpangilio. Kwa kuwa mfuatano wa kila uzi unajulikana, mtafiti anaweza kuchagua mahali hasa pa kuweka kingamwili, dawa au kichocheo cha kinga, kwa usahihi wa nanomita chache. Mfano mzuri ni chanjo ya majaribio dhidi ya saratani iliyoelezwa mwaka 2024 na kundi la William Shih wa Taasisi ya Wyss, ambapo vichocheo vya kinga vilipangwa juu ya kipande cha DNA kwa nafasi mbalimbali, na nafasi ya nanomita 3.5 ikaonekana kuamsha vizuri zaidi aina ya mwitikio wa kinga waliyoitaka. Katika kazi ya namna hiyo umbo lenyewe ni sehemu ya dawa. Umbo likivunjika, vitu vyote vilivyowekwa juu yake bado vipo, lakini mpangilio umepotea, na pamoja nao imepotea sababu ya kuitumia DNA badala ya chombo kingine cha bei nafuu.

Sasa tuutazame mwili unavyoupokea muundo kama huo. Tatizo la kwanza ni la chumvi, na linaanza hata kabla ya kimeng'enya chochote kuugusa. Uti wa kila uzi wa DNA una fosfeti zenye chaji hasi, na chaji za aina moja husukumana. Katika origami, nyuzi nyingi zimelazwa bega kwa bega, kwa hiyo msukumano huo ni mkubwa, na kinachoutuliza ni ayoni za magnesiamu zenye chaji chanya mbili. Maabara nyingi hukunja miundo yao katika myeyusho wenye magnesiamu kati ya milimoli 5 na 20 kwa lita, ilhali damu ya binadamu huwa na takriban milimoli moja tu kwa lita, na sehemu ya hiyo moja imeshikwa na protini. Mambo huweza kuwa mabaya zaidi iwapo myeyusho una fosfeti nyingi au kemikali kama EDTA, ambazo huzichukua hata zile ayoni chache zilizobaki zimeng'ang'ania DNA. Maumbo hayalingani katika hili: mengine huvumilia upungufu wa magnesiamu kwa muda mrefu, mengine hulegea na kufumuka katika muda mfupi, na tofauti hiyo hutegemea jinsi nyuzi zilivyosongamana na jinsi zilivyofungwa.

Tatizo la pili ni vimeng'enya viitwavyo nukleasi, ambavyo kazi yake ni kukata DNA. Damu inavyo kwa sababu njema kabisa, kwani seli zinazokufa huacha vipande vya DNA ambavyo ni lazima visafishwe, na DNA inayoonekana nje ya seli mara nyingi ni dalili ya uharibifu au ya maambukizi. Kimeng'enya kikuu katika damu, DNase I, hakina namna ya kutambua kwamba uzi uliokutana nacho ni kazi ya miezi ya usanifu. Yeyote aliyepima jambo hili anaijua picha yake. Muundo mzima, ukipitishwa kwa nguvu ya umeme kwenye jeli, ambayo hutenganisha vipande vya DNA kwa ukubwa, huacha mstari mwembamba wenye kingo kali. Sampuli ile ile ikichanganywa na seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, na kuwekwa kwenye nyuzijoto 37 za Selsiasi, mstari huo huanza kufifia na kushuka kidogo kwenye jeli. Sampuli zinazochukuliwa baadaye huonyesha ukungu mrefu usio na kingo, na mwishoni chini ya njia hiyo hubaki vipande vidogo tu. Chini ya hadubini ya elektroni, mahali palipokuwa na maboksi yaliyonyooka huonekana vinyuzi vilivyojikunyata. Shelley Wickham, Steven Perrault na wenzao walionyesha mwaka 2014 kwamba mazingira ya kawaida ya kukuzia seli yanatosha kuleta matatizo yote mawili, la chumvi na la vimeng'enya, kwa wakati mmoja.

Tatizo la tatu nalitaja kwa ufupi, ingawa mgonjwa angelihesabu kuwa la kwanza. Mfumo wa kinga una vitambuzi vya DNA ya kigeni, kimojawapo kikiwa TLR9, ambacho huamshwa na mifuatano iliyo mingi katika DNA ya bakteria na virusi vyao. Na uzi wa M13 unatoka huko huko. Aidha, uzi huo huzalishwa ndani ya bakteria wa E. koli, ambao kuta zao zina sumu inayoweza kuleta homa na mshtuko hata kwa kiasi kidogo, kwa hiyo usafishaji ni sehemu ya ulinzi, safari hii ulinzi wa mgonjwa dhidi ya muundo. Ini na wengu nazo huchuja chembe ngeni, na figo hupitisha vipande vidogo kwenda kwenye mkojo.

Je, ulinzi unawezekana? Unawezekana, na njia zake ni nyingi kuliko msomaji wa kawaida anavyodokezewa. Ile ninayoiona kuwa ya busara zaidi kwa sasa, kwa sababu haihitaji kubadilisha usanifu wa muundo wenyewe, ni kuuvika joho la laisini. Laisini ni asidi amino yenye chaji chanya, na mnyororo mfupi wa laisini huvutwa na fosfeti za DNA na kukaa mahali ambapo magnesiamu ingekaa, isipokuwa wenyewe haung'oki kwa urahisi. Kundi la Shih lilieleza mwaka 2017 katika Nature Communications kwamba minyororo hiyo, ikitumiwa kwa kiwango cha naitrojeni moja ya laisini kwa kila fosfeti mbili, iliiwezesha miundo kudumu katika chumvi haba na kuhimili DNase I hadi mara kumi zaidi ya miundo isiyovikwa. Kiwango kikiongezwa, chembe huweza kugandamana na kuwa mabonge, jambo ambalo haliwezi kuruhusiwa katika kitu kinachokusudiwa kuingizwa kwenye mshipa. Walilitatua kwa kuunganisha laisini na polima iitwayo polietilini glaikoli, ambayo hujulikana kwa kifupi kama PEG, na ambayo husimama nje ya joho na kuzizuia chembe kukaribiana. Kwa mchanganyiko huo ulinzi dhidi ya nukleasi za seramu ulifika hadi mara 1,000. Mwaka 2020 wakaongeza hatua nyingine: waliyafunga majoho hayo kwa glutaraldehaidi, kemikali inayounganisha laisini moja na jirani yake, na uhimilivu dhidi ya DNase I ukapanda tena takriban mara 250 kuliko joho lisilofungwa.

Ni takwimu za kuvutia, na nazileta kwa makusudi ili nieleze namna ya kuzisoma. "Mara 1,000" ni ulinganisho na muundo mtupu ambao huweza kwisha haraka sana. Haina maana kwamba muundo uliovikwa utadumu ndani ya mtu kwa muda wowote utakao. Seramu ya ndama inayotumiwa kukuzia seli, seramu ya panya na ya binadamu hazilingani kwa nguvu ya vimeng'enya. Seramu iliyopashwa moto ili kuudhoofisha uwezo wake wa kukata DNA hailingani na ile mbichi, na seramu iliyozimuliwa hadi asilimia kumi hailingani na damu yenyewe. Mtafiti akitaja muda bila kutaja haya, ametaja nusu ya matokeo, na mwandishi wa habari ana haki ya kumdai nusu iliyobaki.

Njia nyingine zipo. Perrault na Shih walifuata mfano wa virusi na kuufunika muundo kwa utando wa lipidi, yaani molekuli za mafuta. Katika panya, utando huo uliongeza upatikanaji wa muundo mwilini mara 17 na kushusha sana mwamsho wa kinga. Kundi la Hendrik Dietz mjini München lilionyesha mwaka 2018 kwamba ukiweka thaimini (mojawapo ya herufi nne za DNA) za ziada mahali ambapo nyuzi hukutana, kisha ukaangaza mwanga wa urujuanimno wa nanomita 310, thaimini hizo huungana kwa vifungo vya kudumu, na muundo ukaweza kuhimili joto la hadi nyuzijoto 90 pamoja na maji matupu yasiyo na ayoni za kuongeza. Wapo waliovika miundo yao silika, madini yanayofanana na kioo, ambayo huipa ugumu wa ajabu. Wapo pia wanaotumia DNA ya upande wa kioo, yaani ile ambayo molekuli zake zimepinda upande wa pili, ambayo nukleasi za mwili haziitambui kabisa. Ila hakuna kiumbe anayeizalisha, hivyo kila uzi hutengenezwa kwa kemikali na gharama hupanda ipasavyo.

Kila moja ya njia hizi inachukua kitu. Joho nene linaloficha DNA dhidi ya nukleasi laweza pia kuficha kile kipande kilichowekwa ili kuitambua seli ya saratani. Glutaraldehaidi, ambayo hufunga laisini za joho, haichagui, na ikiwa mzigo ni protini yenye laisini zake, nayo inaweza kufungwa. Mwanga wa urujuanimno unaweza kuharibu dawa iliyokwisha kupakiwa. Silika ikishakauka kuzunguka muundo uliosanifiwa kufunguka, swali la utafunguka vipi linabaki. Hata PEG, ambayo imetumika katika dawa kwa miongo kadhaa, haiko huru na lawama, kwa maana baadhi ya watu tayari wana kingamwili dhidi yake kutokana na dawa na vipodozi walivyotumia, na kingamwili hizo huweza kuiondoa chembe iliyovikwa PEG upesi kuliko ilivyotarajiwa. Mhandisi wa miundo hii analazimika kuchagua hasara anayoweza kuishi nayo, na uchaguzi huo hutegemea kazi: chembe ya kufanya kazi kwenye damu kwa saa moja haihitaji joho la chembe inayotakiwa kuingia ndani ya seli na kuvuka laisosomu, vifuko vya kumeng'enyea vilivyo ndani ya seli, ambako nukleasi nyingine, DNase II, inaisubiri katika mazingira ya asidi.

Napenda kuwa mwadilifu kwa upande wa pili. Mwaka 2018 watafiti wa China na Marekani waliripoti katika Nature Biotechnology karatasi ya DNA iliyoviringishwa kuwa neli, yenye thrombini (kimeng'enya kinachogandisha damu) ndani yake, ambayo ilifunguka ilipokutana na protini iitwayo nukleolini na kugandisha damu katika mishipa ya uvimbe wa panya. Mtu anaweza kuniuliza kwa nini nang'ang'ania ulinzi ikiwa neli hiyo ilifanya kazi. Jibu langu ni kwamba shabaha yake ilikuwa kwenye seli zinazotanda ukuta wa ndani wa mshipa, hivyo haikulazimika kutoka nje ya damu, na thrombini hufanya kazi yake upesi. Mwaka huo huo watafiti wengine walionyesha kwamba origami hukusanyika katika figo za panya na kuzilinda dhidi ya jeraha la ghafla, ambapo DNA yenyewe ndiyo iliyopokea kishindo cha kemikali haribifu. Hapo kuharibika kwa DNA ni sehemu ya tiba. Mifano hii haiondoi haja ya ulinzi. Inatufundisha kwamba muda wa kudumu ni lazima usanifiwe pamoja na umbo, na kwamba muundo usiokufa kabisa ungekuwa tatizo lingine, kwa kuwa mwili nao unahitaji kuuondoa kazi ikiisha.

Jambo ambalo limenisukuma hasa kuandika, hata hivyo, ni namna ushahidi unavyoonyeshwa. Picha inayopendwa na magazeti ni ya seli zilizojaa nukta nyekundu au za kijani, nayo huambatana na maelezo kwamba chembe za DNA zimeingia ndani ya seli. Mwaka 2019 kundi la Hanadi Sleiman wa Chuo Kikuu cha McGill lilichapisha onyo ambalo lingestahili kubandikwa katika kila chumba cha habari cha sayansi. Walionyesha kwamba nukleasi zinaweza kuukata muundo nje ya seli, kikabaki kipande kidogo mno kilichoshika rangi inayong'aa, na seli zikakinyonya kipande hicho kwa furaha yake. Hadubini huonyesha mwanga ndani ya seli, na mwanga huo ni wa kweli. Kisichokuwepo ni muundo. Kwa maneno mengine, muundo usiolindwa unaweza kutoa picha nzuri kwa sababu hiyo hiyo ya kutolindwa, na anayeitazama picha peke yake hana namna ya kujua.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, waandishi wako watakapopokea tena taarifa ya aina hii wasiishie kwenye picha na kwenye jina la ugonjwa. Waulize muundo ulikaa kwenye seramu ya nani, kwa ujoto gani, kwa muda gani, na ulipimwa kwa jeli, kwa hadubini ya elektroni au kwa rangi tu. Waulize joho lililotumika ni lipi na kama kitambuzi kilichokuwa juu ya muundo kiliendelea kushika shabaha baada ya kuvikwa, kwa sababu vipimo hivyo viwili mara nyingine hufanywa kwa sampuli tofauti na kisha kusimuliwa kama kimoja. Waulize sumu za bakteria ziliondolewaje. Hayo si maswali ya kitaalamu kupita kiasi. Ni yale yale ambayo mfamasia angeuliza kuhusu kidonge chochote kinachotakiwa kupita tumboni kabla ya kuyeyuka.

Kwa watafiti wenzangu nina ombi dogo zaidi. Muhtasari wa makala una nafasi ya sentensi moja inayotaja uthabiti wa muundo katika seramu ya binadamu isiyozimuliwa, hata kama idadi ya saa itakayoandikwa humo haipendezi. Vilevile tuache kuyaita majaribio ya "mazingira ya kibayolojia" yale yaliyofanyika katika myeyusho ambao tumeuongezea magnesiamu ili muundo usitufumukie. Myeyusho huo unafaa sana kwa kukunja DNA, lakini hakuna mgonjwa mwenye damu ya namna hiyo.

Iwapo gazeti lako litaona inafaa kuandaa makala ndefu juu ya suala hili, ningependekeza ianze na maabara inayofanya kazi ya kuvika majoho badala ya ile inayotengeneza maumbo mapya, na mwandishi aombe aonyeshwe jeli ya saa 24 pamoja na ile ya saa ya kwanza.

Wako katika huduma ya sayansi,
Msomaji wa gazeti lako